Wiki Moja Gyumri, Sisi Wawili Tu

Jumatatu, 17 Septemba 2018

Hrachya kapiga simu mchana huu. Si kawaida yake. Mume wangu hupiga Jumapili baada ya chakula, anauliza paa, anauliza binti yetu, anakata. Leo hakuuliza paa. Kasema anakuja mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi huu? Tangu mwaka tisini na nne anajenga nyumba za watu Saratov, Urusi, anarudi Desemba na theluji, Machi anaondoka. Nikamuuliza kama kazi imeisha. Akalikwepa swali.

"Varsenik jan, mpenzi wangu, nipangie wiki moja. Hapo hapo Gyumri. Ya taratibu, ya mapenzi, sisi wawili tu. Tafuta nyumba ya wageni, tusilale nyumbani. Na usimwambie mtu."

Nyumba ya wageni — katika mji tuliozaliwa wote wawili! Kutoka mlangoni kwetu hadi uwanja mkubwa ni dakika kumi kwa miguu.

Nimesema sawa. Kwa nini nimesema sawa? Gauni la bibi harusi wa Jumamosi nimelikata mkono mmoja mfupi kuliko mwenzake.

Jumatano, 19 Septemba

Nimekaa na karatasi. Mtu anampangia nini mume wake kwa siku saba?

Tulioana Novemba themanini na nane. Wiki tatu baadaye, tetemeko. Fungate letu tulilila ndani ya kontena la bati, miaka sita, mama mkwe upande wa pili wa pazia. Pazia lenyewe nililishona mimi. Kitambaa chepesi mno, ndicho kilichopatikana.

Jumatatu: kupumzika. Jumanne: bustani ya mjini, kahawa. Jumatano: Marmashen, kwenye kanisa la kale nje ya mji, tule kando ya mto. Alhamisi: samaki — yeye anapenda. Ijumaa nimeandika "mapenzi" halafu nikafuta. Nina miaka hamsini.

Jumamosi, 22 Septemba

Arusyak kajua. Ni dada yake Hrachya, anaingia kwangu bila kubisha. Karatasi ilikuwa juu ya cherehani, kaisoma yote kwa sauti.

"Wifi, utampeleka bustanini? Kuna nini kule, bata?"

Nikamweleza. Akakaa, akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja polepole. Akaniuliza kama kaka yake anaumwa au ana mwanamke.

"Mimi nitajuaje?"

"Mwanaume akitaka kukupeleka hotelini kwenye mji wako mwenyewe, ana jambo la kukuambia mahali ambapo hutamrushia sahani. Sahani si zako, utaona haya."

Tukacheka wote. Alipoondoka sikucheka tena.

Ishirini na nne. Miaka. Wakifanya kazi huko wengi huoa tena, kila mtaa hapa una mke aliyeachwa hivyo. Sikuwahi kuuliza. Je, ningeuliza ningefanya nini na jibu?

Jumatatu, 24 Septemba

Nimekwenda kwa Sedrak, yule mzee mwenye nyumba ya wageni ya mawe meusi, vyumba vinne na ua wenye mti wa tufaha. Akaniuliza chumba ni cha wageni gani. Nikasema ni mimi na mume wangu.

"Mume wako mwenyewe?"

"Ndiyo, wangu mwenyewe."

"Basi nitawapa chumba cha ghorofani. Wenye ndoa zao hawapandi ngazi kwa haraka, hawatanivunjia vyungu."

Nyumbani nimejaribu kuisogeza meza ya kukatia nguo. Imesimama upande wake wa kitanda, mwaka wa tisa huu; Desemba huwa naipeleka sebuleni, Machi naiingiza. Nimeisogeza hadi mlangoni. Kisha nimeirudisha. Kama nitaachwa, sitaki kuibeba mara mbili.

Jumatatu, 1 Oktoba

Kafika. Amekonda. Masharubu kanyoa, mdomo wa juu mweupe kama wa mtoto. Mabegi mawili makubwa — kwa wiki moja?

Pale kituoni alinipa mkono. Mkono! Kama daktari.

Chumba kizuri, shuka zimepigwa pasi. Akasimama katikati akitazama kitanda, akaniuliza kwa adabu kabisa mimi hulala upande gani. Nikasema, "Katikati."

Akatikisa kichwa, kana kwamba nimemwambia bei.

Jumanne, 2 Oktoba

Bustani. Kahawa. Kabeba mkoba wangu siku nzima. Kila tukipita jengo lililojengwa upya analigusa ukuta na kuuliza lini. Nikamwambia hili mwaka juzi, lile zamani. "Sikuliona," anasema. Jioni kanishika kiwiko tukivuka barabara, hakuniachia upande wa pili. Ananiaga? Ndivyo watu wanavyoagana? Sielewi.

Jumatano, 3 Oktoba

Niandike yote kabla sijayachanganya.

Marmashen, kando ya mto. Nilitandika kitambaa: mkate wa lavash, jibini, majani mabichi, nyanya. Hakula. Nikachoka. Nikamuuliza, "Ni nani?"

"Nani, nani?"

"Huyo mwanamke wa Saratov. Niambie hapa, hakuna sahani."

Alinitazama. Akaanza kucheka, akacheka hadi akashika kiuno, na hapo ndipo nilipoona kwamba hacheki tu, anaumia. Ilibidi nimsaidie kukaa vizuri.

Hakuna mwanamke. Kuna mgongo. Tangu masika hawezi kubeba jiwe, amekuwa akichanganya saruji na vijana wanamhurumia. Vifaa vyake vyote ameuza. Tiketi amekata ya kuja tu.

"Sasa mbona hatulali nyumbani?" nikamwambia. "Kwako ni kule."

"Kwangu?" Akachukua jani la rihani, akalizungusha vidoleni. "Kila Desemba nakuja, mnanikalisha mbele ya meza, mnanipa minofu mizuri, jirani wote wanakuja kunitazama. Machi mnanisindikiza. Mimi ni mgeni pale, Varso. Mgeni akisema habanduki, wenyeji hutazamana."

Akaendelea, anautazama mto.

"Nilitaka unione kwanza. Pasipo na jirani, pasipo na dada yangu. Siku saba. Ukiona nafaa, nakuja nyumbani. Ukiona sifai, nitatafuta chumba hapa mjini, sitakusumbua. Sitamwambia mtu kwamba ni wewe uliyekataa."

Ningepaswa kufurahi. Mke gani hangefurahi? Kwa kuachwa nilikuwa nimejiandaa, hata maneno ya kumjibu nilikuwa nayo. Kwa hili sikujiandaa. Asubuhi zangu. Redio yangu. Cherehani saa kumi na moja alfajiri bila mtu wa kuniambia punguza.

Nikamwambia ale. Akala.

Ijumaa, 5 Oktoba

Jana mkahawani kaniagizia samaki, mkubwa. Mimi sili samaki. Sijala tangu nikiwa na mimba ya binti yetu. Hakujua. Aliuona uso wangu, akahamisha sahani kwake, akaniagizia jibini na mkate wa kuoka. Baadaye akaniuliza: "Kuna nini kingine?"

Basi nikamwambia. Kwamba nalala na dirisha wazi. Kwamba kanisani siendi siku hizi ila kuwasha mshumaa wa mama yake. Kwamba meza ya kukatia imekaa upande wake wa kitanda, na kila Desemba naitoa kwa hasira.

"Ina upana gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono.

"Na mimi nina upana gani?"

Nimecheka hadi watu wakageuka. Halafu nikalia kidogo, na sijui kwa lipi kati ya hayo.

Jumapili, 7 Oktoba

Asubuhi. Leo ndiyo siku ya kuacha chumba. Sijamjibu. Wala hajauliza, hata mara moja — ingekuwa rahisi kama angeuliza, ningemkasirikia.

Anaimba akinyoa. Miaka thelathini ya ndoa, sikujua. Huruka maneno, hurudia mstari mmoja tu. Wiki moja napenda. Mwaka mzima je? Nimelala vibaya usiku huu kwa sababu hakukoroma, nikadhani amekata roho.

Kashusha mabegi yote mawili uani, moja moja, nimekatazwa kusaidia. Kakaa juu ya moja chini ya mti wa tufaha. Sedrak kaita kutoka chini: kuna watu wanauliza chumba, je, mnaondoka?

Nikafungua dirisha. Sikufikiri. Nikasema, "Siku mbili zaidi."

Hrachya akainua kichwa. "Mbili za wawili," akaniuliza taratibu, "au za mmoja?"

Sedrak akaanza kutazama viatu vyake.

Nimesema ngoja, nakuja. Nimefunga dirisha niandike hili kwanza, nimesimama. Koti lake liko nyuma ya mlango. Kalisahau, au kaliacha makusudi, hata hilo silijui. Kuna baridi. Nimelivaa. Mikono ya koti inanifunika vidole, kalamu inateleza. Ananiita.