Fimbo ya Foleni ya Uji

Guangzhou, 9 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua na mama hajambo. Mimi mzima, ila unyevu wa huku umezidi, kuta zinatoa jasho na nguo hazikauki. Barua hii anakuletea Rodgers, amemaliza kununua jinzi zake za biashara soko la Shahe.

Chuo kimenipeleka mafunzo kwenye makumbusho madogo ya mtaa. Zamani jengo lilikuwa nyumba ya maskini. Wajane, vipofu na wazee walipewa uji humo mpaka mwaka 1949. Kuna mabakuli, kuna sufuria kubwa, na kuna fimbo moja ya mwanzi ambayo hakuna anayejua kazi yake. Nikajitutumua mbele ya mkuu wangu, nikamwambia baba yangu alilinda kambi ya wazee wasiojiweza kwetu, yeye atajua. Nieleze basi, niandike kibao cha maelezo yake.

Mwanao,
Edina

Usangi, 2 Aprili 2024

Mwanangu Edina,

Marahaba. Hatujambo, mvua tu ndiyo imetuharibia maharage. Mama yako anauliza kama unakula vizuri au unadanganya.

Fimbo kama hiyo naijua. Yangu iko nyuma ya mlango mpaka leo, umekua ukiiona. Ilikuwa ya kunyooshea foleni. Mtu akitoka kwenye mstari unamwonyesha kwa ncha, anarudi. Hakuna zaidi. Waandikie hivyo.

Baba yako,
Heriel

Guangzhou, 20 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Hamjambo nyumbani? Mimi si mzima sana. Unisamehe mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto.

Kibao nilikiandika kama ulivyosema: fimbo ya kunyooshea foleni. Jumamosi alikuja bibi wa miaka themanini na moja, Bibi Liang, aliyelelewa humo ndani. Alikisoma, akakisoma tena. Kisha akanyanyua kigoda cha mlinzi na kukipasua kioo cha kabati. Vipande vilimkata mpaka damu ikamchuruzikia viatuni, na hakujali. Akaitoa fimbo. Nilipomkaribia nimsaidie, akauliza nani ameandika. Nikasema mimi. Alinipiga mkono wa kulia. Pigo la pili nilisikia mfupa ukivunjika. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, “Foleni yako imenyooka sasa?”

Tulitibiwa hospitali moja, na huko ndiko alikonieleza. Ukishapewa uji ulipakwa masizi mkononi, usirudi mara ya pili. Mama yake aliyafuta kwa mate akarudi, kwa kuwa mtoto alikuwa na homa ameshindwa kusimama foleni. Mtoto huyo ni yeye. Mlinzi alimpiga mama mkono kwa fimbo hiyo mpaka bakuli likaanguka, akampiga kichwa mpaka hakuamka.

Nimewaomba watu wa makumbusho wasimshtaki bibi. Baba, ile fimbo yako ulikaa nayo kazini miaka kumi na moja. Uliifanyia nini? Nakuuliza kwa heshima zote.

Mwanao,
Edina

Guangzhou, 15 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Leokadia, niliyempa barua yangu ya Mei akuletee, ameniapia kuwa alikukabidhi mkononi, ukaiweka mfukoni bila kuifungua mbele yake. Mama namsalimu.

Plasta imetolewa. Vidole viwili havikunji. Kabati la fimbo limetiwa kioo kipya ila halina kibao, na mkuu wangu anataka maneno kabla ya mwezi wa kumi. Sitaandika neno mpaka unijibu. Nina hasira nawe, baba, na bado nakuogopa kidogo.

Mwanao,
Edina

Usangi, 28 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako mzima, ila hasemi nami tangu nilipomsomea barua zako. Pole kwa mkono. Neno hilo nilipaswa kukuandikia mara nilipopata barua yako ya Mei.

Kwetu haikuwa masizi, ilikuwa wino wa muhuri wa ofisi kwenye dole gumba. Mzee Eliudi alirudi na wino kidoleni na bakuli tupu. Sikumuuliza kitu. Nilimpiga mkono, akaling’ang’ania bakuli, na hilo ndilo lililonipandisha mori, kwamba haliachii. Nikampiga kichwani, nikaendelea hata alipokwisha kulala chini. Alikufa siku ya tatu. Daftarini niliandika malaria. Bakuli lilikuwa la Nassor, jirani yake kipofu. Nilijua jioni ile, nilipomsikia Nassor akimwita Eliudi amletee uji.

Nilikudanganya kwa sababu tangu udogo wako ulijivunia kazi yangu ile, na hakuna mwingine aliyewahi kujivunia chochote changu.

Jumatatu nilishuka tambarare kumtafuta Natalia, binti wa Eliudi. Nilimpa fimbo, nikamweleza yote, na bakuli lilikuwa la nani. Alisikiliza huku akipepeta mchele. Alipomaliza aliniambia niweke mkono juu ya jiwe la kufulia. Niliuweka. Alipiga mpaka akachoka, nami sikuuondoa. Fimbo amebaki nayo.

Kibaoni andika kuwa ilikuwa ya kupigia wenye njaa. Ukitaka andika na jina langu, kwamba mimi nilikuwa na ya namna hiyo.

Uniwie radhi kwa mwandiko. Na mimi sasa naandika kwa kushoto.

Baba yako,
Heriel