Itongo

Murusagamba, Ngara
12 Agosti

Baba, shikamoo. Natumaini ng'ombe wamepata malisho huko Katavi.

Uliniuliza kwenye simu, hapo chuoni ustawi wa jamii na jiografia ya watu vinasomwaje pamoja? Hata mimi sikujua, mpaka tulipoletwa fildi huku. Tunachora ramani ya kijiji kwa ajili ya bomba la maji: nani anaishi wapi, na kwa nini.

Jumanne nilimkuta Bibi Genoveva akipalilia maharage. Akaniambia, "Hapa ni itongo la mume wangu." Nami, Msukuma wa Nyamigogo, nikaandika kwenye ramani: mahame, hakuna watu. Mwalimu wa jiografia akaipokea. Mwalimu wa ustawi akaniuliza, "Sasa huyo bibi mliongea naye akiwa wapi?"

Nilirudi mbio. Bibi alicheka hadi akakaa chini. Kumbe kwao Wahangaza itongo ni ardhi ya familia, watu wapo na wanalima. Kwetu ni boma lililohamwa. Neno moja tu, baba, na bomba lingemruka bibi wa watu!

Tangu siku hiyo nakuwaza. Ulipoondoka na mifugo mwaka juzi, ulisema nyumba yetu ya Nyamigogo sasa ni itongo. Nilidhani nimeelewa. Jana nilimpigia mama, bado yuko pale pale nyumbani Nyamigogo. Amepanda mihogo, na paa amelirekebisha mwenyewe. Anakusalimu.

Baba, siku ile ulikuwa unaongea Kisukuma au Kihangaza?

Mwanao,
Magdalena