Mshahara Wangu kwa Jina Langu

Kalimoni,
S.L.P. 731,
Juja.
Jumapili, 1 Juni 2025

Mpendwa dada Kanini,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Habari ya kazi, na lile joto la Doha? Mgongo umepungua maumivu? Ulisema kwa simu kwamba uko sawa, lakini wewe hata ukiwa na homa husema uko sawa, ndiyo maana nimeuliza tena. Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Mvua imetosha, maharagwe yameshika, na Mama siku hizi anaenda kanisani bila fimbo.

Barua hii nitampa Kavindu, anarudi huko Jumatano. Nimeona niandike kwa sababu mambo yenyewe ni marefu. Kwa simu ningelia, nawe ungelia, na pesa za simu zingeisha kabla hatujafika popote.

Sasa kaa chini. Unajua tangu nianze kupika pale shuleni Ruiru, mshahara wangu umekuwa ukiingia kwenye akaunti ya Makau. Watu walinicheka kwa hilo, na wewe pia hukumsaza mume wangu. Lakini tulikuwa na hesabu yetu. Benki yake haikukata ada ya kila mwezi mradi pesa za mishahara zinazopita hapo zifike kiwango fulani, na mshahara wa Makau peke yake haukufika. Tukiunganisha, tunafika. Miaka tisa tulijiona wajanja sana.

Aprili kiwanda kule Thika kikapunguza watu, na Makau akawa mmoja wao. Mwisho wa mwezi nikaenda kutoa pesa za mtihani wa chuo wa mwanangu Mwelu, nikakuta akaunti ina shilingi mia moja na kumi. Nilidhani tumeibiwa. Kumbe Makau alikuwa amechukua mkopo wa mshahara mwaka jana bila kuniambia, na mshahara wake ulipokoma, benki ikachukua wangu.

Mkopo ulienda wapi? Alinunua mashine ya kusaga unga, ati anifungulie biashara niache kupikia watoto wa watu. Ile mashine iliyo nyuma ya nyumba chini ya turubai, niliyokuambia ni ya rafiki yake, ndiyo hiyo. Tena inataka stima ya viwandani, na sisi tuna stima ya kuwasha taa na kuchaji simu. Dada, nilikasirika, na unajua hasira zangu.

Chuo kilimpa Mwelu hadi mwisho wa Mei awe amelipa, la sivyo angesubiri mwaka mzima. Na pale shuleni, mhasibu wetu Madam Lynn hufunga orodha ya mishahara tarehe ishirini. Kwa hivyo ilibidi nimpelekee nambari ya akaunti mpya ya jina langu kabla ya siku hiyo, ama mshahara wa Mei nao uende njia ile ile.

Nikaomba ruhusa nikazunguka benki za Thika. Ya kwanza walinipa kalamu na kiti kizuri, lakini ada ya mwezi ilikuwa pale pale kwenye karatasi, kwa maandishi madogo. Ya pili hawakati ada, ila wanataka mshahara mara mbili ya wangu. Ya tatu nikampata msichana mmoja mpole anaitwa Shiko. Akaniambia, "Mum, hii account bora salary ipitie hapa, hata kama ni kidogo, hatukati kitu ya mwezi."

Mimi siku hizi nikisikia neno "bure" siliamini hivi hivi. Nikamuuliza, na shule ikifunga Disemba, mshahara uchelewe hadi Januari? Akaenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi akasema wanavumilia miezi mitatu ndipo ada ianze. Nikamwambia aniandikie hayo, na akapiga muhuri. Kutoa pesa kwa ATM na kuhamisha kwa simu bado kuna makato, hilo halina dawa, kwa hivyo nitakuwa natoa mara moja kwa mwezi.

Siku ya kurudi na picha na kitambulisho, Makau akavaa koti lake la kanisa akasema, "Wacha nikusindikize. Na tukifika huko, mimi nisipewe kitu ya kusign." Nilicheka bila kutaka. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu Aprili. Kesho yake nikampelekea Madam Lynn nambari, kabla ya tarehe ishirini.

Juzi Ijumaa, nikikoroga githeri ya watoto, simu ikalia. Ujumbe kutoka benki, majina yangu yote matatu, na mshahara mzima bila kuguswa. Nililia mbele ya sufuria, nikamwambia mwenzangu ni moshi. Mwelu alilipa siku hiyo hiyo, anaanza mtihani Jumanne. Na mashine imepata mnunuzi wa Matuu mwenye stima inayofaa. Pesa hizo zitaingia kwenye mkopo, na deni litakalobaki Makau atalipa pole pole, amepata kazi ya kutengeneza pampu. Nimelala siku mbili kama mtoto.

Mama anakusalimu sana, na Mwelu, na kaka Nzuki na watu wake. Makau pia, ingawa anakuogopa.

Kabla sijafunga bahasha, kuna jambo nakuambia wewe tu. Ile fomu ya benki iliuliza mtu wangu wa karibu, wa kujulishwa nikipatwa na jambo. Nilikuwa nimeamua ni wewe, hata nambari yako ya Doha nimeikariri. Nikainua macho nikamwona Makau kwenye benchi, amepakata mkoba wangu kwa mikono miwili, anaangalia sakafu. Nafasi ilikuwa ya jina moja. Nikaandika lake. Usinikasirikie, dada. Namba ya siri sijampa, na hajaniuliza.

Mungu akulinde huko ugenini akurudishe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukukumbuka kila siku,

Nduku