Ufunguo Katika Koti la Roswitha

Mshauri mpendwa, nimekwama, nisaidie. Mimi ni mjane hapa Bochum, mume wangu hakurudi kutoka vitani Urusi, na tangu mwaka ule wa 1944 sijaruhusu muziki nyumbani mwangu, nimebaki na binti mmoja, Roswitha, ana miaka kumi na minane, anauza soksi za nailoni katika duka kubwa mjini, na tangu apate kazi hiyo simwelewi, mara suruali ya jinzi kama mwanamume, mara rangi ya mdomo, nikimuuliza ananijibu, "Mama, siku hizi kila mtu anavaa hivi," nami nikajiambia hapa pana mwanamume, tena mume wa mtu, basi nikapekua koti lake nikakuta ufunguo usio wa nyumba yetu.

Jumamosi nikamfuata, akaingia nyumba moja nyuma ya stesheni, nikapanda ngazi, nikausukuma mlango, kumbe ni wasichana wanne wa dukani wamechanga wakapanga kachumba, wanacheza roki kwa gramafoni, mwanamume hakuna hata mmoja, lakini hasira zilishanipanda, nikaivunja santuri, nikamzaba kofi mwanangu mbele ya wenzake. Hakulia. Alisema tu, "Baba alikufa, Mama. Mimi sijafa."

Leo siku ya tisa hajarudi, nasikia analala kule kachumbani. Jirani yangu Trude ananiambia, "Nenda polisi, kisheria bado mtoto huyo mpaka afike ishirini na moja, watamleta." Na huyo mwanamume bado namshuku, pengine alijificha. Niende?

Mama Mwenye Mashaka

JIBU: Pole, mama. Wengi wetu tuna wa kwetu waliobaki Urusi. Lakini polisi usiende! Watakuletea Roswitha wamemshika mkono, na hatakusamehe.

Huyo mwanamume hayupo. Umeona kwa macho yako, na bado unamngoja atoke uvunguni. Ungemkuta ungepata nafuu, maana ungekuwa na wa kumlaumu. Kinachokuuma ni kwamba binti yako amejua kucheka, na ilimbidi akapange chumba ili acheke. Msiba ni wako, usimvishe mtoto. Jinzi haijaua mtu. Kukuficha amekosea, ndiyo, lakini hilo mtazungumza siku nyingine.

Nenda dukani kwao, waulize wenzake santuri uliyoivunja ni ipi, ukainunue. Jumamosi panda zile ngazi, na safari hii ubishe hodi. Akifungua, sema "Nisamehe," na usiongeze "lakini." Asipofungua, rudi nyumbani bila kelele. Jumamosi inayofuata, bisha tena.