Birika la Bibi Jamila

Mshauri wangu wa gazetini, nisaidie kabla ya Idi, maana nina furaha mpaka majirani wa Mikelenge wamenichoka, nimeolewa na Amuri afanyaye kazi kwenye gari la moshi, na akirudi na ile kofia yake moyo wangu unapiga filimbi wenyewe, na ingawa serikali ilituvua majina ya ubatizo, yeye, Mwislamu, bado ananiita langu kwa siri, kama magendo! Basi siku ya arusi bibi yake mzaa baba, Bibi Jamila, alinipa birika na beseni niwanawishe wageni wote, nami nikazunguka nikiringa, na sekondari yangu yote, nikidhani ni heshima ya bibi arusi, wake wa ndugu za Amuri wamekaa tu, naye Bibi akacheka, "Anamimina muzuri, sawasawa na mama ya mama yake kule Kibombo," nikamshukuru, mshauri, nikapiga na magoti! Juzi rafiki yangu Germaine akaniazima riwaya ya mambo ya utumwa, nikawa namsomea Amuri tumeshikana mikono, mpaka pale mwanamke aliyetekwa anapozungusha birika kwa wageni wa bwana wake, naye haketi, na watoto wake hawaketi, na mjukuu wake, msomi, mwenye viatu vya kisigino, anapewa birika lile lile na hakuna anayemweleza kwa nini. Mkono wa Amuri ukatoka mkononi mwangu.

"Ruka hiyo ukurasa, mupenzi."

"Kumbe ulijua?"

"Ile njo desturi ya kwetu tu. Mama ya mama yako alilelewa mutumwa ku nyumba ya Bibi. Lakini Bibi anakupenda!"

Sasa Bibi ameagiza nije Idi nimimine tena. Nikikataa nitavunja ndoa changa, nikikubali nitakuwa nimewamiminisha na mabinti zangu ambao hata hawajazaliwa. Nifanye nini, nami nampenda hata akikoroma?

Bibi arusi wa Mikelenge

JIBU

Pole, binti, na sasa pumua. Kofia ya Amuri nimeielewa. Umesoma sekondari, ukapewa birika mbele ya wanawake waliokaa, na hukuuliza? Ulikuwa unamtazama bwana arusi. Hilo nakusamehe, sote tuliolewa. Amuri simsamehe upesi: alijua, akakuacha uringe. "Bibi anakupenda"! Hata mbuzi wa Idi anapendwa, mpaka asubuhi.

Usirudi kwenu. Usimpige Bibi kwa riwaya. Ni mzee, na kitabu ni cha Germaine. Mwambie Amuri leo kwamba siku ya Idi birika atalishika yeye, na ataanza na wewe, umeketi mkekani katikati ya wake wa ndugu zake. Akisema watamcheka, mkumbushe kwamba wewe ulichekwa siku ya arusi yako na hukufa. Akikataa, nenda ukale Idi kwa Germaine, umwachie ule ukurasa ausome peke yake. Akikubali, msifu, hilo unaliweza.

Bibi akiuliza kulikoni, usimhubirie. Mwulize jina la mama ya mama yako, aliyemnawisha miaka yote ile. Kama halijui, mtajie wewe, kwa sauti, kabla mkono wowote haujaingia kwenye wali.