Usiigawe Simu, Mama Mkubwa

Ghorofa ya Tatu, Mlango wa Kushoto,
Nyuma ya Karakana.
Jumamosi, 14 Novemba

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana zile za kwenye simu sijui kama zilikuwa zinafika. Goti linasemaje? Na presha, dawa unameza au unazihesabu tu na kuzirudisha kabatini? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, nafua mwenyewe, ila nguo nyeupe zimegoma kuwa nyeupe.

Kazi inaendelea. Nilishakueleza, lakini acha nianze upya. Nabuni spika za magari ya matajiri. Zamani spika ilifichwa mlangoni. Hawa wanataka ionekane, iwe pambo. Hii ya sasa nimeichonga kwa mbao, imejikunja kama jani changa. Fundi wa sauti, mzee mmoja mkali kama pilipili, aliikataa. Alisema ukingo wake unavuma mwanamume akiongea kwa sauti nzito. Nikaupiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Juzi akasikiliza, akaguna, akaenda zake kunywa chai. Kwake hiyo ndiyo pongezi. Nilifurahi, nikatafuta wa kumwambia, nikamkosa.

Gari tunalojaribia halina injini wala magurudumu. Lina viti, milango na vioo, basi. Cheka tu, ndilo gari langu. Ukifunga milango hakuna kelele inayoingia, kwa hiyo kila Jumapili, karakana ikiwa tupu, najifungia humo kukupigia wewe.

Sasa Dada Mwalimu, bintiyo, ameniandikia. Anasema masikio yako yamechoka tangu mwaka jana, kwenye simu huambulii neno, unajibu kwa kubahatisha. Tena unataka kumgawia mjukuu simu yako, kwa kuwa kwako haina kazi.

Mama Mkubwa, unajua nilipokwambia mke wangu ameondoka ulijibu nini? "Vizuri sana mwanangu, msalimie." Nilinuna wiki nzima! Nilidhani umefurahi, maana tangu mwanzo hamkuiva chungu kimoja. Kumbe maskini hukusikia.

Basi soma hapa: ameondoka, amerudi kwao, na hana mpango wa kurudi. Nakula nimesimama jikoni, kwa sababu meza ni kubwa kwa mtu mmoja. Yote niliyokwambia Jumapili zile nilikuwa naviambia viti vya gari. Nimejicheka, kisha nimelia. Nina upweke, Mama Mkubwa, na sikutaka kuuandika, lakini sasa hakuna njia nyingine.

Mambo ya maana nitayaleta kwa barua, wewe vaa miwani. Likizo nimeomba, bado wananizungusha.

Nisalimie Dada Mwalimu na mumewe fundi cherehani, mwambie suruali yake bado inanibana. Mjukuu naye asinune, simu nitamnunulia yake. Mungu akutunze, akulegezee hilo goti, akupe usingizi mtamu.

Ila yako usiigawe, nakuomba. Jumapili nitapiga. Ukiiona inatetemeka mezani, ipokee, useme lolote linalokujia, hata kama ni kuwafukuza kuku. Najua hunisikii. Mimi nakusikia.

Mwanao asiyekusahau,
Kasuku