Mti wa Ukingoni

Kwako mtalaka wangu,

Sisi hatujambo. Paka amezaa tena ndani ya kabati lako. Mwanao ameng'oka meno ya mbele, sasa kila akiongea anapiga mluzi.

Nimekusikia redioni ukijigamba kwamba umegundua mti mrefu kuliko yote msituni. Hukutaja kwamba vile vipimo vya leza vilivyochukuliwa angani kwa ndege nilivichambua mimi, ukatoroka navyo siku ulipotoroka na rafiki yangu.

Mti ule niliuona kwenye vipimo hivyo kabla yako, nikauruka. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingoni mwa korongo ndipo ulipoota, tena umeliinamia. Leza iligusa kilele, kisha ikashuka hadi chini kabisa korongoni, na kompyuta ikajumlisha yote. Umepima mti pamoja na shimo, bwana mkubwa, halafu ukauita kwa jina lako.

Nasikia Jumamosi mpandaji ataupima kwa tepu, kutoka kileleni hadi shinani, mbele ya kamera. Ningeweza kukupigia simu. Nimeona barua ina heshima zaidi, na posta yetu unaijua: utaisoma Jumatatu.

Ni mimi,
Mama watoto wako